Mfupa Ambao Haukuwepo

Sajini hakumng'ata mtu.
Naanza na hilo, maana kila nikisimulia
wasikilizaji hunitangulia, wanamtafuta mbwa mkali.
Hakuwa mkali. Siku mbili alikuwa mpole kupita kiasi,
akitulamba miguu sote, hadi mama akauliza,
"Huyu leo ana nini?"
Kisha akaacha kula. Taya likaning'inia
kama mlango wa banda uliong'oka bawaba,
na yeye aliyezoea kubwekea hata kivuli cha mgomba
sasa alikoroma tu, udenda ukimchuruzika.

"Ana mfupa kooni," akasema kaka yangu Ndesario.
Juzi yake tulichinja. Mifupa ilikuwepo.
Nani angedhani vingine?
Akapiga goti juu ya majani makavu,
akamkumbatia shingo, akaingiza mkono, akapapasa.
Mbwa akatulia, akamtazama.
Kwenye kidole gumba cha Ndesario palikuwa na mkwaruzo
wa kisu cha kupogolea kahawa,
mdogo, ambao hata mwenyewe alishausahau.

Hakukuwa na mfupa.

Sajini akafa Jumapili. Tukamzika mwisho wa kihamba.
Ndipo mama Aikande akakumbuka bweha
aliyeshuka kutoka msituni mchana kweupe,
akipepesuka katikati ya njia ya Uru,
asiyewakimbia watu.
Mbwa mmoja tu alimwendea.
Kumbukumbu hiyo ilitufikia
kama mvua inayokuja mahindi yakishakauka.

Wiki sita. Mkwaruzo ulishafunga,
lakini kidole kikaanza kumwasha, kikamwasha tena,
na asubuhi moja akakataa chai.

Sisi wa Uru tumezaliwa ndani ya maji.
Mfongo unapita nyuma ya jiko;
mtoto huijua sauti yake kabla ya kulijua jina lake.
Ndesario aliisikia sauti hiyo akaziba masikio.
Kikombe kikisogezwa, koo lilijikunja kama ngumi.
Kiu ilikuwepo, maji yalikuwepo,
na katikati yao hapakuwa na njia.
Usiku baba akapanda hadi kwenye banio, akaufunga mfongo.
Haikuwa zamu yetu.
Migomba ya watu ilikaa na kiu siku mbili,
na hakuna jirani aliyekuja kuuliza.

Daktari wa Mawenzi alikuwa amevua miwani.
"Mngemleta siku ile ile ya mkono," alisema,
bila kulaumu. Afadhali angelaumu.

Leo ni mwaka wa thelathini na moja.
Nina sanduku la barafu, rejista, na foleni uwanjani:
mbwa wamefungwa kwa kamba za katani,
mwingine kwa mkanda wa suruali ya baba mtu,
na paka mmoja ndani ya kapu la ndizi, anatukana.
Nasema yale yale mpaka sauti inakauka.
Sabuni. Maji yanayotiririka. Dakika kumi na tano, kwa saa,
si kwa kukisia.
Si kitunguu, si mafuta ya taa, si tungoje tuone.
Halafu hospitali, na sindano zote, si ya kwanza tu.
Mate nayo ni meno.
Na mnyama wa porini aliyesahau kuwaogopa,
msimsogelee, hata kwa huruma.
Hasa kwa huruma.

Binti mmoja, Anansia, akanyoosha kidole:
"Na kama kweli ni mfupa?"

Sikuwa na jibu tayari. Miaka yote hiyo
hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Uniite," nikasema. "Hata usiku. Nina glavu."

Akanishikia mbwa wake, nikamchoma.
Mbwa akageuka, akanilamba mkono, lamba moja ndefu.
Nikamwacha amalize.
Kisha nikateremka mfongoni na kipande cha sabuni,
nikachutama, nikatazama saa,
watoto wakinicheka huko juu,
maji yakipita, yakipita.